Kishati cha Manjano

Mimi ni fundi cherehani, na hapa Kibiti nimeshona nguo za watoto wa watu mpaka siwezi kuwahesabu. Wa kwangu nilikuwa nimemshonea mara moja tu. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa changa bado nilipomaliza kishati cha manjano cha kitambaa laini, na mume wangu akagongelea misumari ya chandarua kwenye kona ya chumba, juu ya kitanda kidogo alichokiunda mwenyewe. Kila mgeni nilimvuta mkono aje aone. Mama mkwe alipokuja kutoka deltani alisimama mlangoni, akakataa kuingia. Kwao mtoto haandaliwi mpaka alie.

"Mnamtandikia nani?" aliuliza. Nilimcheka.

Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Baada ya mazishi mama mkwe alizifunga zile nguo kwenye kanga, akasema anakwenda nazo kwao, atawagawia wenye shida. Kitanda mume wangu alikibomoa siku ambayo sikuwepo, lakini misumari ilibaki ukutani.

Mimba ya pili ilipoingia nikawa mtu wa hofu tupu. Hata kwenda chooni niliogopa, nisije nikaona damu. Kliniki nesi aliniambia nikifika mwezi wa saba nianze kuandaa vitu vya mtoto. Mama mkwe kwenye simu akasema, "Subiri alie kwanza, mwanangu." Asubuhi naona nesi yuko sahihi, jioni naona mama mkwe yuko sahihi. Nisipoandaa, mtoto atapigwa na baridi. Nikiandaa, hapo sikuthubutu kumalizia hata mawazoni. Mume wangu aliniuliza siku moja, kwa upole kabisa, kama aunde kitanda kingine.

"Ukigonga hata msumari mmoja humu ndani, mimi narudi kwetu Ngorongo leo hii."

Akaenda zake kukaa nje. Maskini, hakuwa na kosa lolote.

Na kazi ndiyo hiyohiyo. Wanawake wenye matumbo wanaleta vitambaa, wanataka vigauni na kofia, wengine wananitania, "Fundi, za kwako umezificha wapi?" Nacheka nao, kisha nainamia cherehani. Asubuhi moja lilibaki pande la kitambaa cheupe juu ya meza, nikajikuta nimeshika mkasi, nakata bega dogo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu niamke mtoto hajacheza. Nikanywa maji ya baridi, nikalala ubavu kwenye mkeka, nikasubiri. Kimya. Nikajua nimemponza mwenyewe kwa mkasi wangu. Nikaamka, kile kipande nikakishona mfuko wa shati la shule la mtoto wa mtu, harakaharaka, mradi kisiwe chake tena. Adhuhuri mwanangu akanipiga teke. Nililia mpaka mteja aliyekuwa anasubiri suruali yake akaondoka bila kuaga.

Uchungu ulipoanza mama mkwe alikuwa ameshafika, na kifurushi chake kwapani. Tulikwenda hospitali na beseni, kanga zangu na mpira wa kujifungulia. Vya mtoto, hakuna. Nesi alipekua mfuko wangu, akanitazama.

"Dada, si ndiyo wewe fundi wa pale barabarani? Mtoto wako atavaa nini?"

Nilifumba macho, nikajifanya uchungu umenizidi.

Alilia mara tu alipotoka. Wa kiume tena. Namsikia analia na bado naogopa, nikamwomba nesi amfinye kidogo nisikie tena.

"Analia huyu, mama. Unataka alie vipi?"

Mama mkwe aliporuhusiwa kuingia alifungua kifurushi chake. Juu kabisa kilikuwa kile kishati cha manjano, kimefuliwa, kimenyooshwa, kinanukia udi. Nikamwambia kwa ukali, mbele ya watu, "Mama, si ulisema utazigawa? Hicho ni cha marehemu. Usimguse nacho mwanangu."

Hakugombana nami. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumpitisha mtoto mkono mmoja kwenye kishati, taratibu.

"Nimgawie nani, mwanangu? Huyu ni mdogo wake. Mdogo si anavaa za kaka yake?"

Nikamshikia mtoto ule mkono wa pili.