Kona Aliyoijua kwa Simu

Saa moja asubuhi, mwanamke mwenye sweta la kijivu anazunguka gari jeupe la abiria saba lililoegeshwa uani. Anagusa tairi moja baada ya jingine kwa ncha ya kiatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Anafungua boneti, anachungulia, anaifunga.

"Sijui hata ninachokitafuta humo," anasema, akicheka kidogo. "Lakini mume wangu alikuwa anachungulia kila asubuhi, basi na mimi nachungulia."

Ndani simu inalia. Anaikimbilia. Ni mteja wa ng'ambo anayekuja likizo na mke wake na watoto wawili. Wanataka ufukwe, na wanataka barabara ya milimani inayopita juu ya majabali, vyote kwa siku moja. Mwanamke anamsikiliza akiwa amefumba macho.

"Milimani kwanza, kaka yangu," anamwambia. "Ukungu ukishuka mchana, watoto utawaonyesha ukuta mweupe. Mkitoka huko mteremke upande wa mashariki, kwenye mchanga. Kule mawimbi hayana ubishi. Na mje na masweta. Ndiyo, kisiwa kina joto, lakini si joto la kuliamini."

Wateja wanamwita Mama Ratiba. Ana miaka hamsini na miwili, na kazi yake, kwa zaidi ya miaka ishirini, imekuwa kupanga safari za watu wanaotaka kukizunguka kisiwa hiki kwa gari na kuishia baharini. Anajua ufukwe upi unafaa maharusi na upi unafaa bibi mwenye magoti mabovu. Anajua kona ambayo mwenye kichefuchefu lazima ahamishiwe kiti cha mbele.

Kisichojulikana na wengi ni kwamba hadi mwaka jana hakuwa ameziona hizo kona hata moja.

Meza yake ya kazi ni meza ya jikoni. Juu yake kuna simu, kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni, na chupa ya chai. Mumewe alikuwa dereva. Yeye alikuwa ofisi.

Wageni walimbatiza mumewe jina la Nahodha kwa sababu ya kofia yake ya bluu, ingawa mtu huyo hakujua kuogelea. "Maji yakimfika magotini, anageuka kama amesahau kitu nyumbani," anasema mkewe. "Nahodha wa nchi kavu."

Biashara yao ilisimama juu ya viti. Gari lina viti saba vya abiria, na kila kiti kilikuwa na mtu wake. Msimu wa wageni ni mfupi. Baridi ikiingia, barabara za milimani hufungwa kwa mvua na nyumba inakula kile kilichowekwa wakati wa jua. Kumpa mke kiti ilikuwa sawa na kukitupa.

"Si kwamba alinikataza," anaeleza. "Kila mwaka tulisema, msimu ukiisha tutakwenda wawili. Msimu ukiisha gari linaingia gereji. Mwaka mwingine binti yetu ana homa. Mwaka mwingine mama mkwe kaja kuuguzwa hapa kwetu. Na simu nani ataipokea?"

Basi akakijua kisiwa kwa masikio. Nahodha alikuwa akimpigia kutoka kila kituo. Tumefika pangoni. Tumetoka pangoni. Mwenye mgahawa kafunga, nipeleke wapi watu wangu? Mke, mikono ikiwa kwenye unga au kwenye sabuni, alimjibu palepale, na ratiba nzima ikahama.

"Tulikuwa tunaongea zaidi kwa simu kuliko nyumbani," anasema. "Akirudi amechoka, anakula, analala. Mchana ndiyo nilikuwa na mume."

Kulikuwa na kituo kimoja upande wa kaskazini walichokiita kona ya upepo. Kwenye ratiba zake alikipa dakika kumi tu. Alipomuuliza Nahodha pana nini, jibu lilikuwa lilelile miaka yote: "Mawe tu na upepo, mke wangu. Hukosi kitu."

Nahodha alifariki asubuhi ya baridi, akiosha gari uani. Mkewe alikuwa mezani akizungumza na mteja. Alisikia maji yakiendelea kutoka kwenye mpira, yakipiga sehemu moja tu ya ukuta bila kuhama, akaona si kawaida yake. Alipotoka, kofia ilikuwa ikielea kwenye dimbwi. Madaktari walisema ni moyo.

"Yule mteja alikuwa bado kwenye simu," anasema. "Nilirudi baadaye sana nikaikuta haijakatwa. Alikuwa ananisubiri. Mtu nisiyemjua. Aliniambia, 'Mama, nimesikia. Pole.' Basi. Ndiye mtu wa kwanza kunipa pole."

Baada ya mazishi binti yao, ambaye ni muuguzi katika nchi ya mbali, alikaa wiki mbili kisha akarudi kazini. Nyumba ikabaki na mtu mmoja. Gari likabaki uani, na nusu yake tu ilikuwa imeoshwa.

Wifi yake, dada wa marehemu, alimshauri aliuze. "Wifi, hilo dude litakuozea hapo," alimwambia. "Wewe hata kulirudisha nyuma hujui."

Lakini safari za msimu mzima zilikuwa zimekwisha kupangwa. Aliajiri dereva wa kukodi. Huyo aliendesha kama anayefukuzwa na polisi, na wageni walirudi wamejishika matumbo. Kabla mwezi haujaisha alihamia hotelini kwenye mshahara mzuri zaidi.

Ndipo Mama Ratiba alipokwenda shule ya udereva. Mwalimu wake alikuwa mtu mpole wa sauti ndogo, ambaye kila wakitoka barabarani alishikilia mlango kwa mikono miwili.

"Mama," alikuwa akimwambia, "breki ipo palepale ilipokuwa jana. Haijahama."

Mtihani wa kwanza alianguka. Alisimamishwa mlimani, akaachia klachi mapema, na gari likarudi nyuma mpaka mbele ya duka la mikate. Mwenye duka alitoka nje akapiga makofi. Mama Ratiba alikwenda nyumbani kwa miguu, akajifungia, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Watu walidhani nalilia leseni," anasema. "Niliwaacha wadhani hivyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza."

Mara ya pili alifaulu. Na safari yake ya kwanza na abiria ilikuwa ya mume na mke wastaafu, wote walimu, ambao walikuwa wakija kisiwani karibu kila mwaka na Nahodha. Alipowapigia kuwaambia habari za msiba na kuwapa nafasi ya kughairi, mwalimu wa kike aliuliza, "Nani ataendesha?"

"Mimi."

"Umeanza lini?"

"Juzi."

"Basi tutakuja. Ila mzee wangu nitamkalisha nyuma, maana ana mazoea ya kukanyaga breki isiyokuwepo."

Siku hiyo, kwa maelezo ya Mama Ratiba mwenyewe, aliendesha kwa mwendo wa mbuzi mjamzito. Malori yalimpigia honi. Alipita mahali alipopapanga mamia ya mara, na kila mahali palimshangaza kwa namna yake. Pango lilikuwa dogo kuliko alivyolijenga kichwani. Daraja la chuma, ambalo alilidhania refu, lilikwisha kabla hajamaliza kuliogopa.

Kisha barabara ikapanda kaskazini, ikapinda mara mbili kati ya miti ya misonobari, akafika kona ya upepo. Aliegesha kando. "Dakika kumi," akawatangazia wageni, kama ratiba ilivyosema, akashuka kunyoosha miguu.

Akifika hapa katika kusimulia, anaivuta chupa ya chai. Anajimiminia chai na haiinywi.

Mbele yake majabali yalikatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali. Chini kabisa bahari ilikuwa ikipasuka nyeupe, na sauti yake ilifika juu imechelewa. Ndege walikuwa wanaruka chini ya miguu yake. Alikuwa akiwaona migongo. Vijito viwili vilianguka kutoka ukingoni moja kwa moja hadi baharini, na upepo ukavikamata katikati na kuvigeuza vumbi la maji, na ndani ya vumbi lile kulikuwa na upinde wa mvua. Pwani yote ya kaskazini ilikuwa wazi, rasi baada ya rasi, hadi zikapotelea kwenye rangi ya buluu.

"Nilimgombeza," anasema. "Marehemu. Nilimgombeza kwa sauti. Nilisema, 'Mawe tu? Wewe baba, haya ndiyo mawe tu?' Wageni wakadhani nawafokea wao."

Mwalimu wa kike akaja kusimama karibu naye. Hakumshika mkono wala kumwambia anyamaze. Alimngoja amalize.

"Mdogo wangu," alimwambia kisha, "Nahodha alikuwa akifika hapa anatuacha, anakwenda kusimama pale kwenye lile jiwe bapa na simu sikioni. Kila mwaka. Mume wangu akamuuliza siku moja unaongea na nani muda wote huo. Akasema, na ofisi."

"Ofisi ni mimi," Mama Ratiba akamjibu.

Walikaa pale karibu saa nzima. Ukungu ukawakuta njiani na chakula cha mchana wakakila jioni, na hakuna aliyelalamika.

Tangu siku hiyo amekuwa akiligeuzageuza kichwani swali moja. Mtu anasimama mbele ya uzuri kama ule, anampigia mkewe, na kumwambia hakuna kitu. Kwa nini? Wifi yake ana jibu lake: kaka yake hakutaka mke aumie kwa kukosa. Binti yake alimwambia kwa simu kwamba baba alikuwa mvivu wa maneno tu.

"Huenda ni hivyo," Mama Ratiba anasema. "Na huenda palikuwa mahali pake peke yake, hakutaka kugawana na mtu. Mtu anaruhusiwa kuwa na mahali pake. Lakini kama alinionea huruma, sikuihitaji. Ningependa kuumia kidogo na kujua. Sasa nimwulize nani?"

Kazi inakwenda. Wageni wamezoea mwendo wake, na baadhi wanamsifia kwa wenzao kwa mwendo huohuo: wanasema anaendesha kama mtu anayetazama. Kona ya upepo ameipa muda wa kutosha katika kila ratiba. Anayetaka kufupisha anaambiwa kwa adabu atafute gari jingine. Mapato yameshuka, maana hawezi kuzungusha watu kila siku kama mumewe. Viungo havimruhusu, na akiwa barabarani simu ya nyumbani haina wa kuipokea. Wateja wengine wanapotea hivyohivyo.

Mara moja, mwanzoni, alifika pangoni na wageni wakashuka, na kabla hajajijua mkono wake ulikuwa umekwisha kubonyeza namba ya nyumbani. Aliisikia ikiita. Akaiona meza, akaiona chupa ya chai, na simu ikivililia viti vitupu.

"Niliiacha iite mpaka ikakata yenyewe," anasema. "Ningeikata mimi, ingekuwa kama nimemkatia mtu."

Jioni akirudi analiosha gari. Analiosha lote, huku na huku. Kisha anaingia ndani, anawasha redio kwa ajili ya sauti tu, na kupanga safari ya kesho. Jumapili binti anapiga. Wanaulizana hali, wanahimizana kula. Siku nyingine, maneno anayosema kwa siku nzima ni ya kuwaelekeza watu wapi pazuri.

Lakini mwaka huu ana safari moja ambayo haina mteja.

Kusini kabisa kuna rasi ambayo Nahodha hakuwahi kupeleka wageni. Lami inaishia kwenye zizi la mbuzi, halafu ni kokoto mpaka mwisho, na mwisho kuna ufukwe wa mchanga mweusi na nyumba ya wageni ya vyumba vitatu. Hajui kukoje. Hakuna aliyewahi kumsimulia. Msimu ukiisha mwezi ujao, atafunga kazi siku mbili aende.

Wifi alipopata habari alikuja na swali. "Unakwenda na nani?"

"Nakwenda."

"Nimeuliza na nani."

"Na gari."

"Mafuta yote hayo kwa mtu mmoja, wifi?"

"Kwani huyo mtu mmoja ana kosa gani?"

Hajawahi kulala peke yake nje ya nyumba hii, na hafichi kwamba anaogopa. Anaogopa kokoto, na kupasukiwa tairi mahali pasipo mtu. Zaidi anaogopa jioni: kukaa mbele ya bahari nzuri na kukosa wa kumwambia tazama.

Hata hivyo chumba amekwisha kukiomba, cha upande wa bahari. Mwenye nyumba alimuuliza kwenye simu, kama yeye mwenyewe anavyowauliza wateja wake wote, ni cha watu wangapi.

"Neno lilinikwama," anasema, akifuta meza ambayo haina uchafu. "Akadhani simu imekatika, akaanza kusema haloo, haloo. Nikamwambia nipo. Nikamwambia, cha mtu mmoja. Akasema karibu sana, mama."