Lugha ya Kuamrisha Kompyuta

Miaka ya tisini ikikaribia kwisha, mimi na mwenzangu wa Mbale tulikuwa na ofisi ya chumba kimoja Nalufenya, Jinja. Mteja wetu, afande mstaafu wa magereza aliyeuza samaki wa Masese, alitaka tovuti itakayoonyesha bei mpya kila asubuhi. Kazi ndogo, lakini tukaanza kubishana: tuiandike kwa lugha gani ya kompyuta? Mimi nilishikilia Perl, kwa kuwa inachambua maandishi upesi. Yeye aling'ang'ania Java, nadhani kwa sababu alishanunua kitabu chake kinene na hakutaka kigeuke mto wa kulalia. Tulinuniana wiki nzima.

Afande akachoka. "Hii kompyuta inapokea amri?"

"Inapokea, afande."

"Sasa munabishana nini? Kiswahili!"

Tulicheka hadi machozi. Mimi Msoga, yeye Mgisu. Kwetu Kiswahili kilikuwa cha kambini, lugha ya askari ya kutolea amri, na hatukukitumia ila kwa afande. Tulimweleza kwa upole kwamba mashine haijui lugha hiyo, kisha tukachagua Perl. Yaani nilishinda.

Siku ya kumwonyesha kazi, ukurasa ulitokea mtupu, hauna hata bei ya sangara. Nikarekebisha, wapi! Mwenzangu akapandwa na hasira, akaizaba mashine kofi, akafoka kwa Kiswahili: "Fanya kazi, wewe! Haraka!" Nami nikadakia: "Amka!"

Bei zikajitokeza zote.

Afande alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Na mulisema haijui."