Mfuaji Asiyekula Chumvi

Najua utasema nimetunga. Sema tu, nimezoea, hata mume wangu alisema hivyo. Lakini haya yalinitokea mimi, hapa hapa Bariadi, mchana kweupe, na mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Muuza maziwa akija kwangu, namwambia aonje yeye kwanza.

Nilipojifungua mapacha, Kulwa na Doto, kazi za nyumba zikanielemea. Mume wangu anauza spea za pikipiki. Siku moja akaniambia, "Mama Kulwa, chagua kitu kimoja cha kukupunguzia kazi, nitalipia." Kimoja! Nikaanza kuchambua. Friji? La nini, wakati dagaa wetu ni wakavu na mchicha nachuma nyuma ya nyumba? Gesi? Ule mtungi siuamini, nitajuaje kama wameujaza kweli? Mashine ya kufulia ingekufa na huu umeme wa kukatika na kurudi. Maji naletewa na mwenye mkokoteni, na yeye pia namshuku, madumu yake yana rangi siielewi. Kilichokuwa kinanimaliza ni nepi. Nepi za watoto wawili, unanielewa? Nikaamua kulipia mfuaji.

Mama mkwe wangu hakupendezwa. Yeye anaishi Lingeka, kwenye pamba na ng'ombe, na kwake nguo za mtoto mchanga hazishikwi na mtu baki. Namheshimu, lakini nilimwona ana maneno mengi. Tena alikuwa na lake moyoni. Binti yake Minza, dada wa mume wangu, alifariki ghafla kabla mimi sijaolewa. Mama alikuwa amelazwa hospitali, akatoka akakuta wameshazika. "Mimi sikumwona," ndivyo anavyosema mpaka leo. Kwetu Usukumani wapo wanaoamini kwamba mtu wa kufa namna hiyo hakufa, amechukuliwa. Anafanyishwa kazi za watu, hasemi, na hapewi chumvi asije akakumbuka kwao. Mama alikuwa anamsubiri Minza wake arudi. Mimi niliona ni uchungu wa mzazi tu.

Mfuaji nilimpata kwa mama mmoja wa mtaa wa nyuma, mwenye maneno matamu na watu wengi wa kazi. Bei yake ilikuwa ndogo mpaka nikamtazama usoni. Sharti alinipa moja tu, "Chakula chake usitie chumvi, ana presha."

Utaniuliza, sikushtuka? Nilishtuka sana, niamini, ila nilishtukia wizi! Nikasema huyu anakuja kunichorea ramani ya nyumba. Kwa hiyo macho yangu yote yalikuwa kwenye nepi, vibanio na sabuni, nisiibiwe. Nilimlinda kwa mambo ambayo hayakuwa na maana yoyote.

Akaja. Mwanamke mrefu, kitenge kimepauka, hasemi. Ukimwelekeza anatikisa kichwa. Alikuja na kuondoka mume wangu akiwa kwenye spea zake, hawakukutana. Alifua nyuma ya nyumba, juani, na sikuwahi kumwona akifuta jasho wala kuomba maji ya kunywa. Wageni wote wakiona mapacha lazima waseme neno, yeye hakuwatazama hata mara moja. Doto, ambaye hulia akibebwa na mtu yeyote, alikuwa ananyamaza kabisa huyu akipita. Nilimpa matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, kwa kuwa hayana chumvi, akala amegeukia ukuta. Nepi zikawa nyeupe kuliko zilipotoka dukani. Nikazidi kumshuku, na nikaendelea kumlipa yule mama.

Basi alasiri moja mama mkwe akaja kutuona, bila kutuarifu. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. Akapitia nyuma ya nyumba, akahisi kuna mtu, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila."

Yule mfuaji akaacha beseni, akapiga magoti. Nikamsikia kwa mara ya kwanza akitoa sauti. "Mwadila, mayu." Yaani, mama.

"Ng'wa nani?" mama akauliza. Wewe ni wa nani? Salamu yetu haiishi mpaka umtaje baba yako.

"Ng'wa Masalu."

Masalu ndilo jina la baba mkwe wangu, marehemu. Lakini akina Masalu ni wengi mno huku, wala sikushtuka. Mama akauliza habari za nyumbani, akajibiwa nzuri. Za ng'ombe, nzuri. Mvua je, imenyesha. Kila jibu lilikuja taratibu, na mama akawa anavuta kila swali kuliko kawaida. Kisha akamalizia kama mkubwa yeyote anavyomaliza na mtu aliye kazini.

"Haya mwanangu, endelea na kazi."

Mfuaji akainuka. Mama akaingia ndani, akakaa, nikamkaribisha maji. Hakuyapokea.

"Mama Kulwa, huyo umemtoa wapi?"

"Ni mfuaji tu, mama."

"Hiyo sauti nimeizaa mimi."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ananifanyia mchezo ili niache kulipia mfuaji! Naona aibu kulisema, lakini ndivyo nilivyo. Mama hakunisubiri. Alikimbia nyuma ya nyumba akipapasa ukuta, anaita, "Minza! Minza!" Nikamfuata. Nepi zote zilikuwa zimeanikwa, zinachuruzika. Povu lilikuwa bado linazunguka kwenye beseni. Geti tunalo moja, la mabati, na komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Jioni ile ile mimi na mume wangu tulikwenda kwa yule mama wa mtaa wa nyuma. Akatuambia huku anatabasamu, "Mfuaji gani? Mimi sijawahi kukuletea mtu." Kwenye kamba yake nguo zilikuwa zinadondosha maji. Sasa kesi ya hivyo utaipeleka wapi?

Mama hakurudi tena Lingeka. Anaishi nasi, na kila siku anakaa getini. Akipita mwanamke yeyote, anamsalimia, anamshika mkono kwa mikono yake miwili, anamuuliza ni wa nani, anauliza ng'ombe, mvua, shamba, kisha anaanza upya. Mtaa mzima unamcheka, wengine wanapitia njia nyingine. Mimi simcheki. Nafua mwenyewe, vidole vimepasuka, na usiku namsikia akilia kwa sababu alimwachilia mwanawe arudi kazini, kwa mdomo wake mwenyewe.

Wewe lipia raha ya nyumba yako, sikukatazi. Ila ukiletewa mtu wa kazi, msalimie, muulize ni wa nani. Na akikujibu, chonde, usimwambie aendelee na kazi.