Jina wameficha, sauti wameiacha

Admin, nifiche. Mimi ni Mkenya wa miaka thelathini na nne, mlinzi wa jengo la ofisi huku Olaya, Riyadh. Nampenda mwanamume mwenzangu, dereva ambaye kafili wake, tajiri aliyemdhamini kuja huku, alimhamishia Jeddah. Wenye matusi tangulieni kwenye maoni. Mkiwa na jipya nitashangaa.

Kuna msomi wa Nairobi anayekusanya masimulizi ya watu kama sisi. Mwenzangu ndiye aliyempa namba yangu. Nikamsimulia kwa simu, yeye anarekodi. Nikamweleza siku ya kuhama: nilimbebea mwenzangu begi hadi kituo cha basi, tukapeana mkono kama watu wa kazi kwa sababu wenzetu wa kambi ya wafanyakazi walikuwa wanatazama, nikarudi lindoni. Basi.

"Rudia hapo, kaka," akasema. "Usijizuie. Ulihisi nini hasa?"

"Nilihisi begi ni zito."

Akalia yeye. Akaniambia naye ni kama mimi, kwa hiyo maumivu yangu ni yake. Nikamsikiliza akipenga kamasi, nikajiuliza, kama maumivu ni yake, mbona ikama itakayofutwa, kibali cha kukaa huku, ni yangu? Mtu amelala kwao, mlango ameufunga kwa ufunguo wake, ananifundisha kulia.

Sasa anataka kuicheza rekodi ukumbini na kuiweka mtandaoni. Jina amebadilisha, sauti ameiacha, eti ndiyo iliyobeba hisia. Msomi mzima. Huku hatuandikiani, tunatumiana sauti, na mimi ndiye ninayetangaza misiba kwenye kundi la Wakenya. Riyadh hadi Jeddah, hata asiyejua sura yangu ananijua nikikohoa.

Nikamwambia afute. Akasema sawa, ila nimuulize na mwenzangu, kwani kisa ni cha wawili na yeye ameshamtumia asikilize. Nikampigia, nikijua ataogopa kuliko mimi.

"Usifute, bwana," akasema. "Tukifia huku, kila mmoja atapelekwa kwa mamake na sanduku lake. Nani atajua tulikuwa pamoja?"

"Na tukikamatwa?"

Akacheka kidogo. "Ati begi zito. Lilikuwa na shati mbili, wewe."

Nikakata simu.

Msomi anataka neno langu Ijumaa. Nikisema afute, nimemfuta na mwenzangu. Nikisema aicheze, huenda nimemfunga. Mahubiri nimeshiba. Nishaurini tu, nimwambie nini?