Maziwa ya Mpakani

Meno yangu ya utoto yalikuwa bado yanang'oka tulipokimbia vita Luberizi, bondeni, tukapanda milima kuelekea Rurambo: baba, mama, mimi, mdogo wangu Byamungu mgongoni mwa mama, na koko, mama yake baba. Mama alikuwa na homa na maziwa yalikuwa yamemkauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikamwisha.

Mchana tulifika kwenye mawe makubwa, pale bonde linapoishia na malisho kuanza. Habari za mahali hapo koko alitusimulia tangu zamani. Kabla wazungu hawajafika, watu wa bondeni na wafugaji wa juu waligombania malisho ya kiangazi hapo mpaka wakachoka kuzika. Ndipo wazee wa pande mbili wakachanjana, wakanywa damu, wakaapa kutonyimana unga wala maziwa. Atakayekataa cha mwenzake kwenye mawe hayo, atazika mtoto.

Tulimkuta mama mmoja mfugaji na ng'ombe wake. Alimtazama Byamungu, akakamua, akaleta kibuyu bila kuombwa.

Baba akakizuia. Siku zile kila mtu aliogopa sumu, na alisema waliotufukuza ni ndugu za huyu mama. Yule mama akanywa kwanza mbele yetu. Baba akakataa bado. Mama yangu alinyoosha mikono, lakini hakuwa na nguvu za kubishana.

Koko akampigia magoti mwanawe, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

"Mwanangu, weye unajua agano ya hapa. Acha mutoto anywe."

"Minye sitamuua mutoto wangu kwa mukono yangu," baba akajibu.

Byamungu alikata roho kabla hatujafika juu. Mama hakutambua upesi, aliendelea kumbembeleza.

Tulipoanza kumzika, yule mama mfugaji alitokea na jembe. Alikuwa ametufuata. Alichimba pamoja na baba, kisha akaninyooshea kibuyu. Baba ndiye aliyenishikia nikanywa, uso ameugeuza pembeni.

Leo naishi mjini, mtaa wa Kimanga, nami ni mzazi. Kanisani watu huniambia kiapo cha damu hakiui mtoto, njaa ndiyo iliyomuua. Mimi sioni tofauti. Nadhani wazee wale walikuwa wamekwisha kuona watoto wakifa vivyo hivyo, wakaapa ili wajukuu wao waogope kukataa. Koko aliishi miaka mingi baadaye, na hata siku moja hakumkumbusha baba kwamba alimwonya.