Nilitukana code kwa Kikamba, mwenyewe akajibu

Wueh! Leo nimeaibika, na bado nashukuru.

Kuna programu ya bure ya kutabiri mvua, tunaitengeneza mtandaoni na watu wa nchi nyingi. Asubuhi hapa kwetu Kwa Vonza, sehemu moja ya code, yale maagizo yanayoiendesha, ikanikoroga kichwa kabisa. Kwa hasira nikaandika pembeni, kwa Kikamba: "Aliyeandika hii alikuwa amelewa."

Si hakuna mtu ataelewa?

Nikatuma kazi yangu kwa wenzangu bila kufuta maneno hayo.

Jibu likaja. Kwa Kikamba!

"Sikuwa nimelewa. Nilikuwa naandika na mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto. Mimi pia ni Mkamba, wa Mbooni. Nipigie tuirahisishe."

Nyinyi mngejificha wapi?

Nikapiga. Tumeirahisisha, tumecheka. Nikamwambia "ni muvea", asante sana.

Akasema, "Hiyo pia iandike pembeni kwa code."