Ngozi Niliyoipasua Zinga

Harufu ya makumbi ya nazi yakiungua bado hunisimamisha popote nipitapo. Kule kijijini Zinga ndivyo tulivyopasha ngoma moto kabla ya mazoezi, tukiziegemeza kando ya makaa mpaka ngozi ikaze na sauti ipande. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeacha shule darasa la tano, sijui kutulia. Bi Mwanahawa alikuwa akitukusanya uani kwake, sisi watoto wa vibarua wa mashambani, akitufundisha kucheza na kupiga ngoma bila kuuliza nani ana viatu. Baba hakuamini kuwa hayo ni mafunzo. "Ijumaa nakuja kutazama," aliniambia. "Nikiona upuuzi, Jumamosi unakwenda Dar kwa shangazi yako, ukaoshe vyombo."

Siku nne kabla ya Ijumaa hiyo, nilitaka kujua sauti inaweza kupanda hadi wapi. Wenzangu walipokwenda kunywa maji, niliisogeza ngoma kubwa motoni, nikaigonga, nikaisogeza tena. Ikalia kama kengele, kisha ikapasuka. "Ngoma ikivuma sana hupasuka," mwenzangu Asha akanicheka aliporudi. "Haya, mwenda Dar, safari njema!" Bi Mwanahawa akatoka, akaitazama ngozi, akanitazama mimi. "Shikamoo, bibi," nikasema, kwa kukosa neno jingine. "Marahaba. Aliyepasua ndiye awambaye. Nenda buchani kaombe ngozi."

Nilirudi na ngozi ya mbuzi inayonuka, nikailoweka, nikaikwangua manyoya kwa jivu na kipande cha chupa, nikaiwamba kwenye ngoma na kuikaza kwa vigingi mpaka vidole vikavimba. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Ijumaa baada ya swala ngozi ilikuwa bado mbichi, nami niliogopa hata kuisogeza karibu na moto. Nilipoipiga ilitoa sauti nzito, ya kujikokota. Wachezaji wakajikwaa. Baba akaanza kutikisa kichwa. "Ngoma haikimbii, nanyi msikimbie," Bi Mwanahawa akasema. "Ifuateni." Wakapunguza mwendo. Ndipo bibi zetu waliokaa mkekani walipoinuka mmoja mmoja, mabega yakitikisika taratibu, kwani huo ndio mwendo waliouchezea ujanani. Mmoja akavua mtandio wake wa kanga, akanifunga kiunoni. Mcheza kwao hutuzwa. Baba akaja, akaigusa ngoma kwa kidole. "Nani kaiwamba hii?" "Mimi, baba." Jumamosi alikwenda shamba kama kawaida, na hakuna aliyenifungia mzigo.

Tangu hapo nimezurura Pangani, Tanga, Saadani, nimepika, nimekausha samaki, nimebeba matofali. Sasa nafundisha watoto wa wapasua kokoto na wauza mihogo pale Mapinga. Ngoma zetu nyingi ni za ngozi ya plastiki, hazijui moto wala mvua, na zinalia vizuri. Hata hivyo kila mtoto wangu lazima awambe moja ya ngozi ya mbuzi kwa mikono yake. Wiki iliyopita Rehema, mdadisi kuliko wote, aliiacha yake motoni ili asikie mwisho wa sauti, ikapasuka. Alinijia macho chini. "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia marahaba, nikamwonyesha njia ya buchani, kisha nikageuka upesi asije akaona jinsi nilivyojawa na fahari.